Simu ya Ruzuku au Simu ya Awamu: Ipi Nafuu?



Muhula uliopita niliketi katika kiti cha mwamuzi wakati wa mjadala wa kidato cha tano, na nikatoa hukumu ambayo tangu siku ile imeninyima raha. Hoja iliyowekwa mezani ilikuwa hii: "Kununua simu kwa mkataba wa ruzuku ni nafuu kuliko kuilipia kwa awamu." Waliounga mkono walisema kwa ufasaha, lakini bila tarakimu. Waliopinga walikuja na hesabu za kampuni za Marekani, wakazipanga ubaoni safu kwa safu, wakaonyesha kwamba anayelipa kwa awamu hutoa fedha chache zaidi. Nikawapa ushindi. Makofi yakapigwa, darasa likatawanyika.

Nilipokuwa nikikusanya vitabu, mwanafunzi mmoja aliyezoea kuketi nyuma alinijia. "Shikamoo, Mwalimu." Nikaitikia. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, ikiwa awamu ndiyo nafuu, mbona kaka yangu amelipa simu moja kwa bei ya simu mbili?"

Sikuwa na jibu. Makala haya ndiyo jibu langu, na nakiri kwamba limechelewa.

Tuanze na neno lenyewe. Ruzuku ni ndugu wa riziki. Maneno hayo mawili yana asili moja katika Kiarabu. Mola humruzuku mja wake bila kumpelekea ankara mwisho wa mwezi. Serikali nayo inapotoa ruzuku ya mbolea, sehemu ya bei hulipwa na hazina, na mkulima hulipa iliyobaki. Katika visa vyote viwili kuna mtoaji na mpokeaji, na hao ni watu wawili tofauti. Katika mkataba wa simu mambo si hivyo. Kampuni hukuuzia simu chini ya bei yake, kisha hukufunga kwa mkataba wa miaka 2, na katika ada ya kila mwezi hujirudishia kile ilichopunguza. Ruzuku inatoka katika mfuko wa mteja yule yule, ila inachelewa kutoka. Mimi ningependa tuiite mkopo usiotaja jina lake, lakini lugha ya biashara imekwisha kuamua, nasi hatuna budi kuifuata huku tumefungua macho.

Mfano ulio wazi zaidi ninaoujua ni wa mwaka 2008. Simu ya kwanza ya iPhone ilikuwa imeingia sokoni nchini Marekani mwaka mmoja kabla, na kufikia wakati huo iliuzwa dola 399. Mrithi wake, iPhone 3G, akatangazwa kwa dola 199. Watu wakapanga foleni. Nani asingefurahia dola 200 zilizopunguzwa? Lakini ada ya intaneti ya mwezi, iliyokuwa dola 20, ikapandishwa ikawa dola 30, na ujumbe mfupi uliokuwa ndani ya ada ya awali ukawa wa kulipiwa kando. Mkataba ulikuwa wa miezi 24. Zidisha dola 10 kwa 24: unapata 240. Aliyepunguziwa dola 200 mlangoni alilipa dola 240 akiwa amekwisha kuingia ndani, na ujumbe mfupi haumo katika hesabu hiyo.

Hata hivyo, na hapa ndipo wanafunzi wangu walipokosea kwa kuharakisha, lingekuwa kosa kusema kwamba kila aliyechukua simu ya ruzuku alipata hasara. Kwa miaka mingi kampuni kubwa za Marekani zilitoza ada ile ile kwa wateja wote. Uwe umechukua simu mpya mwezi uliopita, uwe umemaliza mkataba wako mwaka jana, au uwe umekuja na simu uliyoinunua mwenyewe kwa bei kamili, ankara ilikuwa moja. Fikiri maana yake. Ndani ya ada hiyo mlikuwa na sehemu ya kulipia simu. Asiyechukua simu mpya aliilipa bila kupokea chochote. Kwa hiyo, katika utaratibu ule, mtu mwenye busara ya fedha alikuwa yule aliyebadilisha simu kila miaka 2 bila kukosa, na aliyeumia ni mwekevu aliyeitunza simu yake kwa miaka 4. Uwekevu ulitozwa faini! Sijui biashara nyingine nyingi ambazo humwadhibu mteja kwa kutunza kitu chake.

Nchini Uingereza jambo hilo lilipimwa. Mwaka 2017 shirika la kushauri raia, Citizens Advice, lilionyesha kwamba baadhi ya kampuni kubwa za simu ziliendelea kuwatoza wateja gharama ya simu hata baada ya mkataba kwisha na simu kulipiwa yote, kwa wastani wa pauni 22 kila mwezi. Mteja hakuambiwa chochote. Siku ya mwisho wa mkataba ilipita kama siku nyingine.

Mabadiliko makubwa Marekani yalianza Machi 2013, pale kampuni ya T-Mobile ilipotenganisha bei mbili: bei ya huduma na bei ya simu. Iliuza iPhone 5 kwa dola 99 za kutangulia, kisha dola 20 kila mwezi kwa miezi 24, pasipo riba. Jumla ni dola 579, na kila mwenye kalamu aliweza kuifikia. Malipo yakiisha, ankara inashuka. Kampuni nyingine zikafuata. Verizon iliacha mikataba ya ruzuku kwa wateja wapya mwaka 2015, na AT&T ikaiacha mwanzoni mwa 2016.

Katika kipindi cha mpito, AT&T iliuza kwa njia zote mbili kwa wakati mmoja, na kwa sababu hiyo tunaweza kuzilinganisha sawasawa. Naomba uchukue karatasi. Mwanzoni mwa mwaka 2014, iPhone 5s ilipatikana kwa dola 199 ukitia saini mkataba wa miaka 2, au kwa bei kamili ya dola 649 iliyogawanywa kwa awamu pasipo riba. Juu ya kifurushi chake, mteja wa mkataba alilipa ada ya laini ya dola 40 kwa mwezi. Mteja wa awamu alilipa ada ya dola 25 ikiwa kifurushi chake kilikuwa kidogo, na dola 15 ikiwa kilikuwa cha gigabaiti 10 au zaidi.

Mwenye kifurushi kikubwa: tofauti ya ada ni dola 25 kwa mwezi, yaani dola 600 kwa miezi 24. Ongeza zile 199. Simu ya ruzuku imemgharimu dola 799, na ya awamu ingemgharimu 649. Wapinzani wameshinda, tena kwa dola 150.

Mwenye kifurushi kidogo: tofauti ni dola 15 tu kwa mwezi, yaani 360. Ongeza 199, unapata 559. Simu ya awamu ni 649 vile vile. Hapa waliounga mkono hoja ndio walioshinda, kwa dola 90.

Kampuni ile ile, simu ile ile, mwezi ule ule. Jibu likageuka kwa sababu ya ukubwa wa kifurushi. Wanafunzi wangu waliandika ubaoni hesabu ya kwanza, na ya pili hawakuiandika. Mimi, mwamuzi, sikuwauliza. Na kuna mambo ambayo hesabu hizi mbili haziyaonyeshi. Aliyetaka kutoka katika mkataba wa ruzuku kabla ya muda alilipishwa faini; kwa AT&T ilianzia dola 325 na kupungua dola 10 kila mwezi, hata aliyetoka baada ya mwaka mzima alidaiwa dola 205. Mteja wa awamu naye hakuwa huru kama alivyotangaziwa. Aprili 2013, Mwanasheria Mkuu wa jimbo la Washington, Bob Ferguson, aliibana T-Mobile irekebishe matangazo yake yaliyosema hakuna mkataba, kwa maana mteja aliyeondoka mapema alitakiwa kulipa papo hapo deni lote la simu lililobaki. Mkataba ulikuwapo. Ulikuwa umehamia upande wa simu.

Kwa Marekani, basi, msimamo wangu ni kwamba awamu ni njia bora, ingawa si nafuu kila mara. Ubora wake ni kwamba ina mwisho unaoonekana. Ukitunza simu yako mwaka wa tatu na wa nne, akiba ni yako.

Lakini swali la yule mwanafunzi halikuhusu Marekani.

Hapa kwetu Uganda, na kwa jirani zetu wa Kenya na Tanzania, wengi wetu hatujapata kuona mkataba wa simu wa miaka 2. Tunalipa kabla ya kutumia. Tunanunua muda wa maongezi wa shilingi 500, kifurushi cha siku moja, na wengi wana laini mbili katika simu moja ili wafuate ile yenye ofa. Kampuni itamkopesha vipi mteja kama huyo simu na kutarajia kujirudishia fedha katika ankara ya mwezi, iwapo ankara yenyewe haipo? Ndiyo maana ruzuku ya Kimarekani haikuota mizizi katika udongo wetu. Kilichoota ni awamu, tena awamu za siku kwa siku. Julai 2020 Safaricom ya Kenya, pamoja na Google, ilianzisha mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, ambamo mteja alilipa shilingi 20 za Kenya kwa siku. (Mwalimu wa sarufi angetaka "kidogo kidogo", na mtahiniwa atakayeandika "mdogo mdogo" katika insha atapoteza alama, lakini soko halikuuliza walimu.) Leo, katika kila mji wetu, kuna kibanda au mwavuli wa rangi kali unaotangaza simu kwa kianzio kidogo na malipo ya kila siku.

Kaka wa mwanafunzi wangu ni dereva wa bodaboda. Kwa idhini yake niliiona karatasi aliyopewa, na mengine alinisimulia mwenyewe. Simu aliyoitaka iliuzwa katika duka la jirani kwa shilingi 450,000 taslimu. Kwa muuzaji wa awamu, ambaye sitamtaja, alitoa kianzio cha shilingi 100,000, kisha akawa analipa shilingi 2,000 kwa siku kwa siku 365. Shilingi 2,000 ni nini? Ni rolex moja, chapati na mayai, na ya barabarani. Hakuna anayeiogopa rolex moja. Lakini siku 365 za rolex ni shilingi 730,000, na pamoja na kianzio ni shilingi 830,000.

Tazama tena, maana uzito uko hapa. Hakukopeshwa 450,000, alikopeshwa 350,000, kwa kuwa 100,000 alizitoa mwenyewe siku ya kwanza. Juu ya 350,000 hizo alitakiwa kulipa 380,000 zaidi. Faida ya mkopeshaji ni kubwa kuliko mkopo wenyewe, kwa mwaka mmoja tu. Na kwa kuwa deni hupungua kila siku anapolipa, fedha anazokaa nazo hasa ni chache zaidi kuliko zile 350,000, kwa hiyo riba yake ya kweli ni ya juu kuliko inavyoonekana hapa. Katika karatasi ile nilitafuta neno riba. Halimo. Nilitafuta jumla ya malipo. Haimo. Mlikuwa na namba mbili tu, zilizochapwa kwa herufi nene: kianzio, na malipo ya siku.

Kwa hiyo Marekani na kwetu tunatumia neno moja kwa vitu viwili. Awamu ya T-Mobile ya mwaka 2013 iliifichua bei. Awamu ya kibandani kwetu inaificha, kama ruzuku ya mwaka 2008 ilivyoificha, kwa kuikatakata vipande vidogo mno visivyotia hofu. Muuzaji alimwambia kijana wetu kwamba haba na haba hujaza kibaba. Ni kweli. Methali haikutaja kibaba ni cha nani.

Sitaki unione kuwa mtu wa kulaumu tu. Nilipomwuliza kaka huyo iwapo anajuta, alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la mtoto. "Mwalimu," alisema, "laki nne na nusu ningezitoa wapi? Benki ipi ingenisikiliza?" Hana hati ya mshahara wala dhamana. Kwa simu ile anapata abiria wanaoita kwa programu, na kabla ya kuwa nayo aliwategemea waliosimama kwenye kituo. Mkopeshaji naye ana lake: wako wanaotoweka na simu, na hasara hiyo hulipwa na wanaobaki. Deni ghali linaweza kuwa bora kuliko kukosa chombo cha kazi. Hilo ni juu yake kuamua, naye ni mtu mzima. Ninachodai ni kwamba hakupewa namba za kuamulia.

Kisha kuna jambo la kufuli. Simu za namna hii hubeba ndani yake programu inayozifunga malipo yasipoingia. Siku moja ya Machi mvua ilinyesha tangu alfajiri, abiria hawakuwapo, na siku iliyofuata hali ikawa hiyo hiyo. Simu ikajifunga. Asubuhi ya tatu jua lilitoka na abiria wakarudi, lakini wale wa programu hakuweza kuwapata, kwa kuwa kioo kilikuwa kimefungwa. Alichomoa laini, akaazima kitochi cha jirani ili aweze hata kupokea fedha za kulipia deni. Kufikia hapo alikuwa amelipa zaidi ya nusu ya fedha zote.

Hapa ndipo somo la uraia linapoingia, nami nitarudi nyuma kidogo. Mwaka 1938 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya ununuzi kwa awamu, iliyopelekwa bungeni na mbunge Ellen Wilkinson. Familia maskini zilikuwa zikinunua samani kwa malipo ya kila wiki, na wako wauzaji waliongoja mpaka deni likaribie kwisha, kisha, mnunuzi akikosa wiki moja, wakaja kuchukua kila kitu na kumwuzia mtu mwingine. Sheria hiyo iliweka mambo mawili. Kwanza, muuzaji alilazimika kumwandikia mnunuzi bei taslimu kabla ya mkataba, ili aone tofauti kwa macho yake. Pili, mnunuzi akishalipa theluthi moja ya bei, muuzaji hawezi kumnyang'anya kitu bila kwenda mahakamani. Uganda nayo ina Sheria ya Ununuzi kwa Awamu, ya mwaka 2009. Itafuteni, muisome, na mwulize inasema nini juu ya kitu ambacho muuzaji hana haja ya kuja na mkokoteni kukichukua.

Maana kufuli ya simu hufanya kazi ya mkokoteni ule. Simu imebaki mfukoni mwako, lakini umenyang'anywa. Hapana hakimu, hapana barua, hapana hata mtu wa kugombana naye mlangoni. Kwa maoni yangu, aliyelipa nusu ya deni lake anastahili angalau siku kadhaa za neema kabla ya kufungiwa, na kila karatasi ya mkataba inapaswa kubeba, kwa herufi nene kama zile za kianzio, bei taslimu, jumla ya malipo na tofauti ya hizo mbili. Mistari mitatu haimfilisi mfanyabiashara. Marekani imewadai wakopeshaji waseme gharama ya mkopo tangu sheria ya mwaka 1968, na biashara ya mikopo huko haijafa. Atakayesema kwamba wateja wetu hawasomi mikataba, nitamjibu kwamba kaka huyu aliisoma yote. Kilichokosekana hakikuandikwa.

Basi hukumu yangu ya muhula uliopita naifuta. Hakuna upande ulioshinda, kwa sababu pande zote mbili zilijadili simu za watu walio mbali, na mwamuzi aliyaridhia.

Jumatatu ijayo, kila mmoja wenu alete karatasi moja ya simu iliyonunuliwa kwa awamu, ya mzazi, ya jirani au ya mtu yeyote atakayekubali, jina likiwa limefunikwa. Tutaandika ubaoni namba tatu kwa kila karatasi, kisha tutaandika barua kwa mbunge wetu, kwa Kiswahili sanifu, na tutaambatanisha jedwali. Karatasi ya kaka tunayo tayari. Kwa hesabu ya jana, zimemsalia siku 61.